Karatasi Mbili za Lifti Moja

Inspekta Sindano aliziweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine, akazikodolea macho kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama picha ya harusi yake mwenyewe.

Zote mbili zilitoka kwenye ukurasa mmoja wa mtandao wa kampuni inayotunza lifti. Nembo ileile, na jengo lilelile la ghorofa nane ambamo, wiki mbili zilizopita, waya wa lifti ulikatika na lifti ikaporomoka kutoka ghorofa ya sita, mama mfagiaji wa jengo akiwa ndani na ndoo yake, akafa. Karatasi ya kwanza ilikuwa kwenye faili tangu siku ya pili ya upelelezi. Ilisema ukaguzi wa mwisho ulifanyika siku moja kabla ya ajali. Ilisema hali ya waya ni Salama. Na mbele ya neno Aliyekagua palikuwa na jina la Fundi Winchi, mzee wa miaka hamsini na minane, ambaye muda huo alikuwa amekaa mahabusu, mlango wa tatu kutoka ofisi hiyo.

Karatasi ya pili ililetwa asubuhi hiyohiyo kutoka kampuni. Mwendesha mashtaka alikuwa amelirudisha faili akasema hataki karatasi isiyo na muhuri, basi Sindano akaomba kopi nyingine, na kampuni ikaituma na muhuri mbichi wa wino wa zambarau. Tarehe ileile. Salama ileile. Ila Aliyekagua, safari hii, alikuwa karani wa mapokezi.

"Karani," Sindano alisema peke yake. "Karani kapanda juu ya lifti na spana mkononi. Haya."

Kituoni walimwita Sindano kwa sababu alikuwa mwanamke mwembamba na kwa sababu maswali yake yalichoma. Kwenye kesi hii, hata hivyo, hakuwa amechoma sana. Ndani ya siku mbili tu alikuwa na karatasi, ana mtuhumiwa, na Mkuu wa kituo akampongeza mbele ya watu. Kesho saa tatu asubuhi Fundi Winchi alikuwa afikishwe mahakamani kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Mashtaka yakishasomwa, mzee anakwenda gerezani kungoja kesi, na kesi za namna ile Sindano alizijua. Mtu huingia na ndevu nyeusi akatoka na nyeupe.

Akazikunja karatasi mbili, akatoka.

Kwenye benchi la ukumbini alikaa binti wa Fundi Winchi, bakuli la mfuniko mapajani, kama alivyokaa asubuhi kumi na mbili mfululizo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umeshampelekea?"

"La jana limerudi kama lilivyokwenda. Hali kitu." Binti alilifungua bakuli lililojaa akalionyesha, kana kwamba na lenyewe ni shahidi. "Nikimsemesha ananiambia nimwache, anajaribu kukumbuka."

"Kukumbuka nini?"

"Hasemi."

Sindano aliitikia kwa kichwa bila kusikiliza vizuri. Kichwa chake kilikuwa kimeshafika kwenye kampuni ya lifti. Baadaye sana angelirudia jibu lile na kujilaani.

*

Kampuni inayotunza lifti za nusu ya mji ilikuwa na ofisi ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti. Sindano alipanda ngazi, akafika na pumzi za kuazima, akamkuta karani wa mapokezi, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akikata kucha juu ya kalenda ya zamani.

"Hili ni jina lako?"

Karani akaishika karatasi, akaisoma, akaisoma tena.

"Mimi? Afande, mimi lifti siingii hata kama mgonjwa! Muulize yeyote hapa. Nikienda benki napanda kwa miguu."

"Hukuiona ulipoitoa?"

"Nimetoa karatasi ngapi kwa siku? Ilikuja barua ya polisi, wanataka kopi ya ukaguzi. Meneja hayupo. Nikafungua mtandao, nikatoa, nikapiga muhuri, nikatuma. Nisome ya nini? Sisi hapa tunapiga muhuri tu."

"Umeingia mtandaoni kwa jina la nani?"

"Langu. Kila mtu ana lake na neno lake la siri. Afande, nitafungwa?"

"Sijasema hivyo. Maliza kucha zako."

Meneja alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Aliziona karatasi mbili pamoja, akazisogeza mbali kwa ncha ya kidole. Halafu akatabasamu.

"Aa, hii ni hitilafu ya kompyuta. Mambo haya hutokea. Ichane hiyo, tutakutolea nyingine safi."

"Ushahidi wa polisi hauchanwi, Meneja. Nieleze hitilafu yenyewe."

"Mimi si mtu wa kompyuta." Akainama mbele, akashusha sauti. "Lakini nikwambie kitu, na sitaki niwe nimesema mimi. Mtandao ule aliutengeneza kijana mmoja, hapa tunamwita Mkwe. Unajua kwa nini tunamwita Mkwe? Alimwoa binti wa Fundi Winchi. Wakaachana mwaka juzi, na hawakuachana kwa heri. Mzee alimfuata hapahapa ofisini akamtukana mbele ya wateja. Sasa wewe ni mpelelezi. Mtu kama huyo akitaka kubadilisha jina kwenye ukurasa, nani atamzuia?"

Maneno yalikaa vizuri. Yalikaa vizuri kupita kiasi, kama lile shati. Hata hivyo Sindano aliyaandika yote kwenye daftari, maana kisasi ni kisasi, na wakwe waliogombana alishawaona wakifanya makubwa zaidi.

"Sawa. Kabla sijaondoka, nifungulie ukurasa wenyewe hapo kwenye kompyuta yako. Nataka kuuona kwa macho yangu."

Meneja akautazama mkono wake uliokuwa juu ya meza, akauondoa karibu na kompyuta.

"Neno la siri nimelisahau. Mwambie karani."

"Karani ameshaufungua mara moja. Nataka wewe."

"Nimekwambia nimelisahau, dada yangu. Njoo kesho."

Kwenye kioo cha dirisha nyuma yake, Sindano aliona taswira ya kompyuta. Ile nembo ya kampuni ilikuwa ikiwaka pale juu, ukurasa wa mtandao ukiwa wazi kabisa. Akashuka zile ngazi akijiuliza kwa nini mtu adanganye juu ya kitu kidogo kama neno la siri.

*

Mkwe alikuwa amehama kazi za kampuni na sasa alitengeneza kadi za mialiko kwenye chumba nyuma ya duka la vifaa vya shule. Chumba kizima kilinuka gundi. Kadi zilitandazwa juu ya kitanda, meza, hata juu ya feni iliyokufa. Yeye mwenyewe alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

Sindano hakumpa nafasi ya kukaribisha.

"Baba mkwe wako alikutukana mbele ya watu."

"Alinitukana, ndiyo. Na nilistahili." Mkwe akamwondolea kadi kwenye kiti. "Kaa, afande. Nilikuwa nakungoja. Nimekungoja siku kumi na mbili."

"Ungekuja mwenyewe. Kituo hakijahama."

Sindano akamwekea zile karatasi mbili mbele, juu ya rundo la mialiko ya kipaimara cha mtoto wa mtu.

"Umebadilisha jina?"

"Hakuna aliyebadilisha. Majina yote mawili yamewekwa na ukurasa wenyewe."

"Usinichezee. Ukurasa hauna mikono."

"Huu unayo. Niliupa mimi." Akafungua kompyuta ya mapajani, akaiweka juu ya goti lake, akamwonyesha kurasa za maandishi ambayo Sindano aliyaona kama kuku amepita na wino miguuni. "Hili ndilo faili la ukurasa wenyewe lilivyo kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya kampuni inayogawa kurasa. Maneno haya ya kawaida, nembo, vichwa vya habari, yanakuja kwako kama yalivyo. Lakini hapa kwenye alama hizi za mabano ni amri. Ukiomba ukurasa, seva inasoma amri, inazitekeleza, inazifuta, inaweka jibu mahali pake. Wewe unaletewa karatasi ya majibu matupu. Amri huzioni kamwe."

Akaokota kadi moja ya mwaliko.

"Tazama hii. 'Bwana na Bibi', halafu nafasi. Kadi ni moja kwa watu mia tatu. Jina linajazwa mwishoni, mlango kwa mlango. Ukurasa ni hivyohivyo, ila inayojaza ni seva, tena kila unapofunguliwa, upya."

"Kila unapofunguliwa?"

"Kila mara. Ukurasa ule haujahifadhiwa popote. Unapikwa pale unapoagiza."

Sindano akazitazama zile karatasi mbili. Aliona kitu kinamjia, na hakukipenda.

"Amri ya jina inasemaje? Niambie kwa lugha ya watu."

Mkwe akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Inasema, tafuta kwenye kumbukumbu jina la fundi aliyekagua lifti hii. Ukilikuta, liandike. Ukikuta pengo, andika jina la mtu aliyeufungua ukurasa."

"Jina la nani?"

"La anayesoma, afande."

Nje mtu alikuwa akigombana na mwenye duka juu ya daftari lenye kurasa zilizokatika.

"Mwendawazimu gani anaandika amri kama hiyo?"

"Mimi. Wakati ule ukurasa alikuwa anaufungua fundi peke yake, akishamaliza kazi. Aliyefungua ndiye aliyekagua, hakukuwa na mwingine. Baadaye wakaufungulia watu wote." Mkwe akatafuta kwenye simu yake, akampa. "Na hii ndiyo sababu iliyonifanya niiandike."

Ulikuwa ujumbe wa Meneja, wa mwaka jana. *Wakaguzi wa mwenye jengo wanalalamika kuna nafasi wazi kwenye kurasa zetu. Sitaki kuona nafasi wazi tena. Ziba zote.*

"Na tarehe?" Sindano aliuliza. "Siku moja kabla ya ajali?"

"Tarehe ya ratiba. Siku ambayo ukaguzi ulitakiwa kufanyika. Kukiwa na pengo, inakaa hiyo."

"Na hii Salama? Nani alijaza Salama?"

Mkwe akaufunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, akamwelekeza kwenye mstari mwingine, neno Salama likiwa peke yake, halina mabano, halina alama yoyote.

"Hiyo si amri. Hiyo ni sehemu ya ukurasa, kama nembo. Niliiandika siku ya kwanza nikijaribu kuona rangi ya kijani inavyokaa, nikasema nitarudi kuweka pa kujaza. Sikurudi. Lifti zote za mji huu ni Salama, afande. Hata zilizokwishang'olewa."

Sindano alisimama akaenda mlangoni, akarudi. Alikuwa na hasira iliyokosa pa kutua. Ikamtua Mkwe.

"Ulijua lini?"

"Siku ya tatu. Niliposikia mzee amekamatwa kwa karatasi ya mtandao, nilijua."

"Ukanyamaza!"

"Meneja alinipigia. Akasema mwandishi wa amri ile ni mimi, nikifungua mdomo mimi ndiye nimeua. Na nikafikiri, nikisema, wataona namwokoa baba wa mke wangu. Nikinyamaza, wataona nalipa kisasi. Kunyamaza kulikuwa rahisi."

"Rahisi kwa nani? Yule binti analala na bakuli mapajani."

Mkwe akalia, bila sauti, machozi yakadondokea kadi za watu. Halafu akauliza swali ambalo Sindano alikuwa akilikimbia tangu aketi.

"Afande, ile karatasi yako ya kwanza, nani aliifungua?"

Aliikumbuka vizuri. Siku ya pili ya upelelezi, kwenye karakana ya kampuni. Alikuwa ametaka kuona kumbukumbu za lifti ile, na Meneja, aliyesimama karibu na kompyuta kabisa, akarudi nyuma hatua mbili, akamwambia mzee: Fundi, mfungulie afande ukurasa, ni kazi yako. Mzee akafuta grisi mikononi, akaweka neno lake la siri kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Akatoa karatasi na, bila kuisoma, akamkabidhi Sindano kwa mikono miwili, kwa adabu zake zote.

Sindano ndiye aliyeisoma. Alifurahi. Alimfunga pingu palepale.

*

Saa nane mchana alizipanda zile ngazi tena, safari hii na konstebo, na simu ya Mkwe ikiwa ndani ya bahasha ya vielelezo. Alimwita karani aingie kwa Meneja kama shahidi wa pili.

"Fungua ukurasa wa lifti ile."

"Nilikwambia neno la siri..."

"Asubuhi ulipolisahau, mtandao ulikuwa wazi mbele yako. Nimeuona kwenye kioo hicho nyuma ya kichwa chako. Na siku ile karakana uliruka nyuma kama umeona nyoka, ukamsukumia mzee. Ulijua anayefungua ndiye anayeandikwa. Sasa fungua, au konstebo akusaidie kukumbuka."

Meneja akafungua. Ukurasa ukaja polepole, nembo kwanza, kisha tarehe, kisha Salama ya kijani, kisha Aliyekagua. Karani akainama kusoma, akacheka kicheko kimoja kikubwa, akaziba mdomo kwa mkono.

"Bosi, na wewe umepanda juu ya lifti?"

Sindano akaitoa karatasi ya tatu, akawasainisha mashahidi wote wawili nyuma yake. Kisha akampigia Mkwe kupitia simu ya mwenye duka, naye akawaelekeza mpaka kwenye kumbukumbu zenyewe, kule ambako hakuna ukurasa wala rangi, ni mistari mitupu. Mstari wa lifti ile ulikuwa na pengo mwezi ule. Na uliotangulia. Na miwili nyuma yake.

"Miezi minne," Sindano alisema. "Miezi minne hukumpa fundi yeyote kazi ya kwenda pale."

"Mafundi walikuwa watano, amebaki mmoja. Ningemkata vipande?" Meneja alikuwa ameacha kutabasamu, na sura yake halisi ilionekana ya kuchoka na ya uchungu. "Na usinitazame hivyo, dada. Ukurasa sikuuchapisha mimi. Yule mzee alikwambia hajafika pale, nilikuwepo, nilisikia. Nilikupa kamba tu. Kitanzi ulipiga mwenyewe."

Konstebo akamfunga pingu. Maneno hayo yalimuuma Sindano ngazi zote mpaka chini.

*

Kituoni Mkuu alimpokea ukumbini, mikono imefunguliwa, uso unang'aa.

"Uko wapi wewe siku nzima? Kesi yako imeisha! Mzee katapika yote. Kaomba kuniona mwenyewe saa sita, hakuna aliyemgusa. Kasaini."

Akamwekea mkononi maelezo ya kukiri, kurasa mbili. Sindano alisoma amesimama. *Siku moja kabla ya ajali nilifika kwenye jengo hilo. Nilipanda juu ya lifti. Niliona nyuzi tatu za waya zimekatika. Nilikuwa na haraka. Niliandika Salama kwa mkono wangu, nikaondoka. Naomba radhi kwa ndugu wa marehemu.*

"Huyu mtu hakuandika Salama," alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "Hakuna pa kuiandika. Imebandikwa pale kama nembo."

"Unasema nini?"

"Nasema meneja wa kampuni yuko nje kwenye gari na pingu, na ushahidi nimeubeba. Soma hizi tatu, mkuu, halafu piga simu kwa mwendesha mashtaka. Mimi nakwenda kwa mzee."

Alimchukua binti kwenye benchi njiani. Hakumweleza kitu, alimshika mkono tu.

Fundi Winchi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, viganja juu ya magoti kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Alikuwa amekonda. Alimwona binti yake kwanza.

"Nimekumbuka, mwanangu," akasema. "Nilimuua yule mama."

Binti akatoa mlio mdogo. Sindano akapiga magoti mbele ya mzee.

"Hukuua mtu, mzee wangu. Hukukanyaga jengo lile. Hujafika pale miezi minne."

"Nilifika. Jina langu liko kwenye karatasi." Mzee alisema kwa upole, kama anamfundisha. "Mwanzoni na mimi nilibisha. Halafu nikajiambia, mashine haina ugomvi na mimi, na wewe ni mtu msomi. Kama wote wawili mnasema nilikwenda, basi nilikwenda, ni kichwa kinanitoka uzeeni. Nimekaa siku kumi na mbili natafuta. Jana nikauona waya. Nyuzi tatu. Nimeziona kabisa."

"Umeona nyaya miaka thelathini. Umekumbuka waya mwingine."

"Unanihurumia, afande. Sitaki."

Sindano akatandaza karatasi sakafuni, ile ya mzee, ya karani, na ya Meneja, maana alikuwa ametoa nakala. Akamweleza. Anayefungua ndiye anayeandikwa. Binti akasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine. Mzee akavaa miwani, akazisogeza karibu na macho, akapitisha ukucha wenye weusi wa grisi chini ya kila jina. Alichukua muda. Mwishowe akamtazama Sindano, na macho yake yalikuwa yameingiwa na woga ambao haukuwepo siku aliyofungwa pingu.

"Sasa kama sikuwa pale," akauliza, "siku ile nilikuwa wapi?"

Sindano akafungua daftari lake. Hakuhitaji kutafuta, ulikuwa ukurasa wa kwanza kabisa. Alisoma maandishi yake mwenyewe, ya siku ya kukamatwa, mwandiko wa haraka wa mtu ambaye ameshapata alichotaka.

"'Mtuhumiwa anasema siku hiyo alishinda hospitali ya macho na binti yake na mjukuu, mtoto anapimwa miwani. Anasema waliingia saa mbili wakatoka saa kumi. Anasema mtoto alichagua miwani myekundu.'" Chini yake palikuwa na maneno mawili zaidi. Akayasoma nayo. "'Mtuhumiwa anakana.'"

Fundi Winchi alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesimuliwa habari za jirani. Akamgeukia binti yake.

"Ni kweli? Tulikuwa pamoja?"

"Tulikuwa pamoja, baba. Ulimbeba kwenye ngazi."

"Myekundu," mzee akasema polepole. Akajaribu kuiona, wakamwona anajaribu, na haikuja.

Binti akaliweka bakuli chini. Alimtazama Sindano kwa mara ya kwanza bila adabu yoyote.

"Daftari hilo umekuwa nalo mfukoni siku zote hizi?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimekaa pale kwenye benchi kila asubuhi. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," Sindano alisema.